TAHADHARI: fundi wa sakafu za gereji anayezunguka Chumbageni na Raskazone

Ndugu zangu wa Tanga, huyu mtu msimpe hata mia. Tulimpa kazi ya kutengeneza sakafu ya gereji yetu, yenye ufa wa kutoka mlangoni hadi kwenye shimo la kukagulia magari. Amelipwa hela yote, na leo sakafu inabanduka vipande vipande chini ya matairi.

Na asitokee wa kusema tulikuwa wajinga. Alikuja na vipande viwili vya zege alivyovibandika kwa gundi nyeupe ya kwenye dumu, akasema vuteni. Vikagoma. Gundi halisi ya zege nayo ni nyeupe, nani angebisha? Kumbe ni gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji! Ikikauka inashika kweli, ikipata unyevu inalainika upya, na jamvi (zege la chini ya sakafu) la huku pwani linakosaje unyevu? Kisha akaweka pima maji yake ya sentimita 30, povu likatulia katikati. Akahamisha, likatulia tena. Kwa pima fupi hata sakafu yenye mabonde inasoma sawa! Inatakiwa rula ya mita 2, mwanga ukipita chini yake ndipo bonde lilipo.

Ufa hakuupasua, kaupaka niru, yaani uji wa saruji wa kung'arishia, juu juu akasugua na mwiko mpaka ukang'aa. Ufa unafunguliwa kwa gurainda au tindo, kina milimita 20 hivi, vumbi linatolewa lote ndipo unajazwa. Upande mmoja ukiwa umeshuka kuliko mwenzake, unachunguza kwanza udongo wa chini, maana utapasuka palepale. Oili iliyoingia kwenye zege la zamani nayo kaiacha, akamwaga mchanganyiko wa saruji na mchanga juu yake. Zege lililonywa oili halishiki kitu, linachongwa mpaka pafike penye zege safi, panaloweshwa, panapakwa uji mzito wa saruji, na tabaka jipya linafuata kabla uji haujakauka.

Hesabu ndiyo inauma zaidi. Eneo ni mita 3 kwa 6. Tabaka la sentimita 5, saruji moja kwa mchanga tatu, linakula mifuko 8 hadi 9 ya kilo 50. Kwenye risiti kaandika 9, iliyotumika ni 2. Hiyo inatoa unene wa sentimita moja na kidogo, gari linapasua tu. Na mchanga ni wa ufukweni, na chumvi yake!

Mtamjua hivi: anataka hela yote kabla mchanga haujashushwa, hapendi mifuko mitupu ihesabiwe, na anaruhusu gari kesho yake, wakati sakafu inamwagiliwa siku 7 na gari linasubiri 28. Gonga kwa nyundo, ikilia kama debe haijashika.

Huyu ni wa polisi, si wa kuonywa. Mwenyekiti wa mtaa amwite, arudishe hela yote, abomoe uchafu wake kwa mikono yake na kifusi akibebe mwenyewe. Waliopigwa wengine jitokezeni na risiti zenu, twende kituoni pamoja.