Mikanda, minyororo na hanesi kwa mbwa aliyeokolewa: kipi kinamshika, kipi kinamtorosha

Familia nyingi za Arusha zinazomchukua mbwa kutoka kituo cha kuokolea wanyama huanza kwa kumwita fundi wa banda. Banda linaweza kungoja wiki. Kisichoweza kungoja ni kile kitakachomshika mbwa kati ya geti la kituo na geti la nyumbani, kwa sababu hapo ndipo wanapopotea. Mbwa aliyekuwa akilala nyuma ya vibanda vya soko la Kilombero hajui kwamba nyumba mpya ya Njiro ni kwake. Mlango wa gari ukifunguliwa anaona upenyo, na akishakimbia hana pa kurudi, maana bado hajapajua nyumbani.

Tatizo ni kwamba vifaa vingi vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo na kwa wamachinga vimelengwa kwa mbwa wa kulinda, yule anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku. Mbwa mwenye hofu ana mahitaji mengine. Yeye mara nyingi havuti kwenda mbele. Anarudi nyuma, anainamisha kichwa, anajichomoa. Kwa hiyo kila kifaa hapa tunakipima kwa swali moja: mbwa akirudi nyuma kwa nguvu zake zote, kitabaki mwilini?

Kabla ya kununua chochote, omba kituo kikuruhusu kumpima kwa utepe wa fundi cherehani. Chukua vipimo vinne: shingo, juu kabisa nyuma ya masikio; kichwa, mahali panapopana zaidi; kifua, vidole viwili nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele; na kiuno, baada ya mbavu ya mwisho. Mbwa wetu wa kienyeji wana kichwa chembamba, na mara nyingi tofauti kati ya shingo na kichwa ni sentimita chache tu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata.

Mnyororo ndio unaoonekana kwanza ukiingia dukani. Kwa kazi hii tunaukataa. Una kelele, na mbwa aliyewahi kufungwa na kupigwa anaijua kelele hiyo. Ama ataganda ama atajirusha. Hauna ulaini wowote, hivyo mshtuko wote unaishia shingoni mwake na mkononi mwako, na pingili zinabana vidole. Ukimfungia mtini bila kiungo kinachozunguka, mnyororo hujisokota kila anapogeuka mpaka unakuwa mfupi kiasi cha kumnyonga. Karibu na ukuta ni hatari zaidi: akiruka na mnyororo ukaishia katikati, anabaki akining'inia upande wa pili. Kazi moja tunaikubali, nayo ni kwa mbwa anayetafuna kamba. Weka kipande cha mnyororo cha sentimita 30 upande wa mdomo wake, kisha kamba ya kawaida mpaka mkononi. Ule mnyororo mwembamba wa kukaba, unaojibana bila kikomo, usiingie kabisa kwenye nyumba ya mbwa mwenye hofu.

Mkanda wa nailoni wenye kifungo cha kubonyeza, kama cha begi la shule, ni mzuri kwa kubeba kibati cha namba ya simu, na kwa kazi hiyo tu. Kasoro yake kubwa iko kwenye kirekebishi cha plastiki, ambacho huteleza taratibu bila mtu kuona. Jaribu dukani: weka alama ya kalamu pale kirekebishi kilipo, kanyaga upande mmoja wa mkanda, vuta upande wa pili mara kumi. Alama ikisogea zaidi ya sentimita moja, rudisha. Angalia pia vifungo vilivyoning'inizwa juani mbele ya duka. Plastiki iliyopauka hukatika kama biskuti. Shingoni, vidole viwili vilivyolazwa vipite, vitatu visipite.

Mkanda wa ngozi wa fundi viatu una nguvu kuliko huo, na kifungo chake cha chuma hakifunguki chenyewe. Lakini masika ya Machi hadi Mei huuharibu: ukilowa na kukaushwa juani unakuwa mgumu na kuchubua shingo. Ukaushe kivulini. Na matundu ya fundi mara nyingi yameachana sana, kiasi kwamba tundu moja linabana na linalofuata linamwachia atoke. Mwambie atoboe kila baada ya sentimita moja na nusu.

Sasa kifaa tunachokipa alama ya juu zaidi kwa shingo: mkanda unaojibana kwa kikomo. Una sehemu mbili. Sehemu kubwa inazunguka shingo na kuishia na pete kila upande. Kitanzi kidogo kinapita kwenye pete zote mbili, na kamba inafungwa kwenye kitanzi hicho. Mbwa akirudi nyuma, kitanzi kinazivuta pete zikaribiane, mkanda unapungua kuliko kichwa, hachomoki. Akitulia, unalegea. Ni nadra kuukuta dukani, lakini fundi wa mabegi anaweza kuushona siku hiyohiyo ukimpelekea vipimo sahihi.

Tuchukue shingo ya sentimita 36. Mkanda wa nailoni uwe na upana wa sentimita 2.5. Sehemu kubwa iwe sentimita 31 kutoka pete hadi pete. Kata sentimita 39, ili kila ncha ikunjwe sentimita 4 kuzunguka pete yake. Kitanzi kidogo kiwe na mzunguko wa sentimita 20. Kata 24, nne za kupandanisha. Ukibana kabisa shingoni, pete zibaki zimeachana karibu sentimita 5. Zikigusana kabla ya mkanda kukaza, ni mkubwa, naye atatoka. Zikibaki mbali sana, mkanda ni mdogo, nao utakaba badala ya kushika. Ukilegea, mkanda huo hufunguka mpaka sentimita 41, na kichwa lazima kipite hapo. Kichwa kikizidi, ongeza kitanzi kidogo. Usiguse ile sehemu kubwa.

Mafundi hukosea mambo matatu. La kwanza ni uzi: uzi wa pamba huoza kwa mvua, sisitiza wa nailoni. La pili ni mshono wa mstari mmoja, ambao ukikatika mahali pamoja unafumuka wote; taka mraba wenye msalaba katikati. La tatu, na baya kuliko yote, ni pete. Pete za mapambo ya mikoba ni waya uliokunjwa ukaachwa na mwanya, na mbwa wa kilo 18 akijirusha mwanya unafunguka. Pete iwe imechomelewa. Ipitishe kucha pande zote. Ukihisi ufa, iache. Ncha za nailoni zichomwe kwa kiberiti zisichanike.

Mkanda huu ni wa safari tu. Ukiachwa shingoni uani, kitanzi kinanasa kwenye msumari au tawi la uzio na kumbana mbwa wakati hakuna mtu karibu.

Hanesi, yaani mikanda inayovaliwa kifuani na mgongoni badala ya shingoni tu, zinazopatikana mitumbani nyingi zina mikanda miwili, mmoja mbele ya kifua na mmoja nyuma ya miguu. Zinafaa kwa mbwa aliyezoea. Kwa mbwa mwenye hofu zinamdanganya mwenye mbwa: akirudi nyuma huku akikunja viwiko, hanesi yote humtoka kichwani kama fulana. Dawa yake ni mkanda wa tatu, kiunoni baada ya mbavu. Kiuno cha mbwa ni chembamba kuliko kifua, kwa hiyo mkanda huo hauwezi kupita kwenye mbavu akirudi nyuma. Fundi wa mabegi huuongeza kwa kushona kipande cha mgongoni na kingine cha chini ya tumbo kuunganisha na hanesi ya zamani. Usikazwe kiasi cha kumzuia kupumua au kukojoa. Vidole viwili vinatosha hapa pia. Kabla ya kutoka nje, mjaribu ndani ya chumba kilichofungwa: simama mbele yake, vuta kamba polepole kuelekea kwako, uone anachofanya.

Chagua hanesi inayofunguka shingoni. Ile ya kupitishwa kichwani inawatisha wengi, na mbwa aliyebanwa pembeni huku kitu kinashuka usoni anaweza kuuma. Akimuuma mtu, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ipo. Kadi hiyo idai kituoni kabla hujatoka, uangalie tarehe; chanjo hurudiwa kila mwaka kwa ratiba ya daktari wa mifugo.

Kwa mwezi wa kwanza tumia vyote viwili, hanesi na mkanda unaojibana, kwa kamba moja yenye kulabu mbili. Mita 2 za kamba ya manila laini ya milimita 10 zinatosha. Ncha moja kwenye hanesi, ya pili kwenye mkanda, ile ya mkanda ikiwa imelegea kidogo ili uzito wote ubebwe na kifua. Kulabu za springi nyepesi hufunguka zikikandamizwa kwenye pete. Mjini Moshi, kwenye maduka ya vifaa vya kupandia mlima, ukiikuta karabina, ile kulabu imara ya wapanda mlima, yenye kufuli ya kuzungusha, nunua hiyo. Zile ndogo za rangirangi za kuning'inizia funguo hazikuundwa kubeba mzigo.

Kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 ni rafiki mkubwa wa wiki mbili za mwanzo, hata ndani ya ua wenye ukuta, kwa sababu geti hufunguliwa na watu wengi: watoto, dada wa kazi, bodaboda aliyeleta gesi. Ifungwe kwenye hanesi, kamwe si shingoni. Mbwa aliyekimbia mita 10 akasimamishwa ghafla huumia koo. Usiizungushe mkononi, ishike kwa mikunjo inayoweza kuachia. Ile kamba ya kujikunja yenyewe kwenye kishikio cha plastiki tunaipa alama ya chini kabisa. Ikikuponyoka, kishikio kinaburuzika nyuma yake kwa kishindo, naye anaona anafukuzwa. Kadiri anavyokimbia ndivyo kinavyomfuata.

Siku ya kumleta, mfunge vyote kituoni, mbele ya mhudumu aliyemzoea. Gari likifika, geti lifungwe kwanza, halafu mtu ashike kamba, ndipo mlango wa gari ufunguliwe. Mpangilio huu ukigeuzwa hata mara moja, vifaa vyote hivi havina kazi.

Halafu kuna kunenepa. Mbwa aliyetoka mtaani huongezeka uzito haraka akianza kula vizuri, na mkanda uliomfaa mwezi jana unaanza kuingia kwenye ngozi chini ya manyoya bila mtu kuona. Kwa miezi miwili ya kwanza, kila Jumamosi pitisha vidole chini ya kila mkanda, angalia kwapani kama kuna wekundu, na tafuta kupe hapohapo, maana hupenda kujificha chini ya mikanda na ndani ya masikio.

Kibati cha namba ya simu mpe fundi funguo akichonge. Wino hufutika. Weka namba mbili za watu wawili tofauti, na usiandike jina la mbwa. Katika wiki za mwanzo mbwa bado halijui, na nafasi hiyo inafaa zaidi kwa neno «amechanjwa», ili anayemkuta barabarani asiogope kumsogelea.