Kilti ya kushonesha Edinburgh: usiende kwa haraka

Nyota nne. Nimeoa Uskoti, na harusi ya shemeji yangu ilitaka wanaume wote tuvae kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti. Fundi akanipima kiuno, nyonga, na urefu hadi katikati ya goti, kisha akasema nirudi baada ya miezi mitatu. Mimi niliyezoea mafundi wa Kariakoo na "njoo kesho" zao nilidhani ananitania.

Hakuwa anatania. Ni sufu nzito, yadi 8, na marinda hushonwa kwa mkono, yakipangwa ili miraba ya tartani (kitambaa chenyewe cha Kiskoti) ionekane nyuma kama vile kitambaa hakikukunjwa kabisa. Chini hakuna pindo. Hutumika ukingo wenyewe wa kitambaa, kwa hiyo urefu ukikosewa hakuna pa kushusha. Nilipoelezwa hilo nikaacha kumsumbua kwa simu.

Imenikaa vizuri mno, na mikanda yake ya ngozi inaacha nafasi ya kitambi (pilau la harusi halikunibana). Nyota moja nimeikata kwa sababu muda wote ule duka halikunipa hata ujumbe mfupi. Halafu kile kimkoba kinachovaliwa mbele ya kilti kinauzwa kando, tena ghali. Uliza bei yake kabla hujalipa arbuni.