Mnyororo au kamba: kulaza boti kwenye pwani ya miamba

Penye mawe na matumbawe, funga nanga kwa mnyororo, si kamba. Kamba ya nailoni ikisuguliwa usiku kucha na ncha za mwamba hukatika. Ukitia nanga maji yakiwa yametoka na kina ni mita 5, ongeza mita 4 za maji kujaa, kama bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo) la Unguja, na mita 1 ya kimo cha omo (sehemu ya mbele ya boti) juu ya maji: jumla 10. Toa mnyororo mara tano ya hiyo, mita 50; kamba ingetaka mara saba, 70, na boti ingezunguka mbali zaidi, hatari penye miamba.

Mnyororo ni mzito na hushtua boti mawimbini; funga kipande cha kamba ya nailoni cha mita 5 kutoka omo hadi kwenye mnyororo, ili kivutwe badala yake. Boti ndogo isiyoweza kubeba uzito huo itumie kamba yenye mnyororo wa mita 10 upande wa nanga. Nanga itue mchangani, kamwe si juu ya matumbawe hai.