Keki ya friji ya biskuti na krimu: uzoefu wangu na krimu ya unga na ya maji

Nianze na hukumu, maana huenda kuna anayesoma hii akiwa tayari yuko mbele ya rafu. Ukitaka kutengeneza keki ya friji, nunua krimu halisi ya maji, ile ya kuchapa, yenye mafuta kama asilimia 35 hivi. Ile ya unga inayokuja kwenye pakiti, unayochanganya na maziwa baridi, iache. Nimezitumia zote mbili, na nimeiharibu keki hii mara mbili kabla haijanikubali.

Kwa asiyeijua: ni keki isiyopikwa. Hakuna oveni, hakuna mayai. Unapanga biskuti kavu, unapaka krimu, unapanga biskuti tena, unapaka tena, kisha unaiacha friji ifanye kazi. Ni kitu cha zamani kidogo. Ilivuma Marekani miaka ya 1920 na 1930, wakati makabati ya barafu na baadaye friji za umeme zilipokuwa zinaingia majumbani na kila mtu akitaka kuonyesha kuwa anayo. Kampuni ya biskuti ya Nabisco ilikuwa na biskuti nyembamba za chokoleti, zilizoanza kuuzwa 1924, na maelekezo ya keki hii yalichapwa kwenye boksi lenyewe. Biskuti hizo ziliacha kutengenezwa 2023. Mimi sikuwahi kuzionja, kwa hiyo sina kilio. Natumia biskuti yoyote nyembamba isiyo na krimu ndani, na inakubali.

Sasa mkosi wa kwanza. Tulialikwa kwenye chakula cha sikukuu ambapo kila mmoja anakuja na chombo chake. Nikanunua krimu ya unga, sitaitaja jina, na nyuma ya pakiti kulikuwa na maelekezo ya keki hii hii. Wameandika: weka kwenye friji saa 2, andaa. Nikawaamini. Mbele ya watu nikachukua kisu, nikakandamiza. Biskuti ya juu ikagoma. Nikaongeza nguvu, ikapasuka kwa mlio, na krimu yote ikachomoka pembeni kama dawa ya meno. Wifi yangu akainama kuchungulia sahani, akauliza kwa upole kabisa, "Wifi, hii tunakula na kijiko au na nyundo?"

Saa 2 hazitoshi. Biskuti ni kavu kama kuni, na lazima inywe unyevu wa krimu polepole hadi katikati. Huo ndio upishi wenyewe, na hauna njia ya mkato. Chini ya saa 8 usijisumbue kuikata. Mimi sasa naiacha usiku kucha na mchana wake, saa 24 kamili. Aliyeandika yale maelekezo nina wasiwasi kama aliwahi kuikata hiyo keki yake.

Na hata muda ungetosha, ladha yake haikunipendeza. Tamu mno, halafu inaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa, unautafuta kwa ulimi hata baada ya chai. Nitaitendea haki kwa jambo moja: haiyeyuki haraka. Ilikaa mezani muda mrefu imesimama wima, wakati sisi wenye joto la mwili tulishaanza kulegea.

Mara ya pili nikanunua krimu ya maji. Kosa hili lilikuwa langu. Niliiwasha mashine ya kuchapia kwa kasi ya juu kabisa, nikageuka kujibu simu. Krimu ikiwa tayari mashine huacha mistari inayobaki, na ukiinua mchapo (chuma cha mashine kinachochapa) unatoka na kilele laini kinachoinama kidogo. Ukipitiliza, unasikia kabla hujaona: mlio unakuwa mzito, unaanza kupigapiga. Niliporudi bakuli lilikuwa na punje za rangi ya manjano zikielea kwenye maji meupe. Chembechembe za mafuta, badala ya kushika hewa, zilikuwa zimeng'ang'aniana zenyewe kwa zenyewe. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimetengeneza siagi. Tuliipaka kwenye mkate wiki nzima, na kusema kweli ilikuwa nzuri. Ila jua hili: ikiwa imeanza tu kuwa na punjepunje na maji hayajajitenga, unaweza kuiokoa kwa kumimina vijiko viwili vitatu vya krimu ya maji na kukoroga taratibu kwa mkono. Maji yakishajitenga, tafuta mkate.

Mara ya tatu nilijipanga. Bakuli na michapo niliviweka kwenye friza dakika 15, krimu (mililita 500) ikatoka friji moja kwa moja, na nikachapa kwa kasi ya wastani bila kuondoka. Nikaongeza sukari ya unga vijiko 4 vya mezani na vanila kijiko 1 cha chai. Sukari ya unga mara nyingi huchanganywa na wanga wa mahindi kidogo, na huo husaidia krimu isilegee. Kwa chombo cha sentimita 20 kwa 20 nilimaliza pakiti mbili za biskuti za gramu 200, tabaka nne. Zilizovunjika niliziba nazo mapengo, hakuna atakayejua. Juu na chini kabisa paka krimu, maana biskuti isiyoguswa na krimu itabaki ngumu hata ukingoja mwezi. Funika vizuri, la sivyo itanuka kitunguu.

Kesho yake nilichovya kisu kwenye maji ya moto, nikakifuta, nikakata. Kikashuka bila kelele. Ubavuni biskuti zilikuwa zimevimba na kuwa laini kama keki ya sponji, mistari myeusi na myeupe. Mtu mmoja alinibishia hadi mwisho kwamba nimeoka. Chokoleti ya kukwaruza niliinyunyiza pale pale mezani. Ukiiweka mapema inalowa na kupoteza sura.

Wapo wanaoongeza tabaka la jeli ya matunda juu. Sawa, ila msirudie ya rafiki yangu aliyeweka nanasi alilolimenya mwenyewe, akashangaa jeli inabaki uji siku mbili. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachokatakata jelatini, ile inayogandisha jeli. La kopo limeshapita kwenye moto, halina shida.

Kwenye sherehe, iache kwenye friji hadi watu wamalize vyakula vya chumvi, na isizidi saa 2 nje. Krimu halisi haisamehe joto.

Krimu ya unga naipa nyota 2, zote kwa uvumilivu wake mezani. Krimu ya maji naipa 4. Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu pakiti ikishafunguliwa haikai siku nyingi. Na keki yenyewe inataka rafu nzima ya friji kwa siku nzima, mkesha wa sikukuu, siku ambayo kila sufuria ya nyumba hii inaitaka rafu hiyo hiyo.