Siku 19 kwenye kempavani, na betri iliyotudanganya

Kwa mwenye haraka: gari ningelikodi tena hata kesho. Waliotukodishia, hapana. Jina lao naliacha, maana nimeongea na wengine waliokodi kwingine na wameonja yaleyale. Ukikwepa kampuni moja bila kujua cha kukagua, utaangukia mikononi mwa nyingine.

Tulikuwa wawili, mimi na mume wangu. Kilomita 3,400 kwa siku 19, kutoka pwani kupanda mpaka milimani, kisha kurudi kwa njia nyingine. Gari lenyewe ni vani ya mizigo iliyogeuzwa nyumba: urefu mita 6 kasoro sentimita moja, kimo mita 2.65. Hicho kimo kiandike kwenye karatasi ukibandike mbele ya usukani. Siku ya pili tu, mume wangu, ambaye maisha yake yote ameendesha gari dogo, alikuwa anaingia kwenye maegesho yenye chuma cha kuzuia kilichoandikwa mita 2.1. Nilipiga kelele ambayo mpaka leo ananitania nayo. Na mkataba wetu, tulipokuja kuusoma vizuri usiku ule, ulisema bima hailipi paa wala uvungu wa gari. Yaani sehemu mbili ambazo mgeni wa gari refu ana uwezekano mkubwa wa kuzigonga.

Kitanda kilikuwa nyuma, kimekingama, sentimita 184. Mume wangu ana 186. Sentimita mbili si kitu mpaka ulale nazo. Usiku wa kwanza alilala amekunja magoti, wa pili akagundua kulala mshazari, na mimi nikabaki na pembetatu iliyosalia. Kama mmoja wenu ni mrefu, msiamini picha. Pandeni kitandani hapohapo kwenye yadi, mlale na viatu mkononi, watu wacheke.

Ndani, mmoja akisimama mwingine anakaa. Huo ndio utaratibu, na hauhitaji kujadiliwa, kwa sababu njia ya katikati haiwapitishi wawili. Nikipika, yeye yuko kitandani. Akitafuta soksi, mimi niko nje. Kiti cha dereva kinazunguka kutazama nyuma kiwe kiti cha sebule, lakini hakizunguki mpaka ufungue mlango na ushushe breki ya mkono, jambo ambalo hatukuambiwa, na tulikisukuma dakika kumi tukidhani kimekwama. Kugombana tuligombana mara moja tu kwa maana halisi, tena kwa sababu ya kurudi nyuma. Yeye anarudi nyuma, mimi naelekeza, kila mtu ana ishara zake. Tukaja kukubaliana: asipouona uso wangu kwenye kioo cha pembeni, asimame. Baada ya hapo amani.

Sasa nije kwenye betri.

Kempavani ina betri mbili. Moja ni ya injini, ya kuwasha gari. Nyingine ni ya nyumba: taa, pampu ya maji, friji, hita, kuchaji simu. Siku ya makabidhiano kijana aliyetupokea alituzungusha kwa dakika kama 20, funguo mkononi, jicho kwenye mteja anayefuata. "Hiki cha maji, hiki cha gesi, hita unabonyeza hapa." Ukutani kuna kidude chenye taa nne za kuonyesha betri. Zote kijani. Akasema, "Mnaona, imejaa." Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka juu ya paneli ya sola.

Siku tano za mwanzo tulilala kwenye kambi zenye umeme wa kuchomeka, kwa hiyo hatukujua lolote. Usiku wa sita tukawa juu mlimani, peke yetu, hakuna nguzo ya umeme wala jirani. Mahali pazuri mno. Tukala, tukafunga mapazia. Saa nne usiku nikabonyeza hita. Feni ikaanza kuvuma, ikapiga kama sekunde thelathini, ikakata. Nikabonyeza tena, kukaja alama ya hitilafu. Taa za ndani zikawa na rangi ya chai ya rangi.

Hita hizi zinachoma dizeli ya tangi la gari lenyewe, na tangi lilikuwa limejaa. Lakini ili zianze kuwaka lazima zipashe kwanza kiwashio, na hicho kinavuta ampea 10 hivi kwa dakika kadhaa. Betri ikiwa dhaifu, volti zinaporomoka, hita yenyewe inajizima. Una dizeli ya kukuvusha nchi nzima na unatetemeka kwa baridi.

Mume wangu, ambaye ni mtu wa hesabu, akatoa kalamu na tochi. Friji yetu ni ya kompresa, wati 45, na inafanya kazi karibu nusu ya muda. Wati 45 gawanya kwa volti 12, kama ampea 3.75. Kwa usiku wa saa 12 inakula ampea-saa (kipimo cha akiba ya umeme kwenye betri) 22 au 23. Betri imeandikwa ampea-saa 100. Ni ya madini ya risasi na asidi, na hizo ukizitumia zaidi ya nusu unazifupishia maisha, basi tuseme 50 za kutumia. Hata hivyo hesabu haikubali. Betri nzima haiwezi kuishiwa saa nne usiku kwa friji na taa mbili. Hiyo ilikuwa imechoka siku nyingi kabla safari yetu haijazaliwa.

Na zile taa nne za kijani? Jua likiwa linaisukumia betri umeme, kipimo kinasoma volti za chaji, 13 na kitu, hata kama ndani hamna akiba. Betri ya risasi iliyojaa kweli, ikipumzika, inasoma karibu 12.7. Ikifika 12.1 hivi imebaki nusu. Ili uone ukweli wake lazima jua liwe limezama, umezima kila kitu, na imepumzika saa moja au zaidi. Mchana kila betri ni kijana.

Kuna jambo moja ambalo bado linaniudhi kuliko baridi. Mume wangu alitaka tuwashe jiko la gesi dakika chache tupate joto. Nikakataa. Jiko kwenye chumba kidogo kilichofungwa linaweza kutoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, haina rangi, haina harufu, na aliyelala haamki. Akasema kuna kengele ukutani itatuambia. Nikaenda kubonyeza kitufe cha kuijaribu. Kimya. Nikafungua kifuniko: mle ndani hamna hata betri ndogo. Ganda tupu limeskrubiwa ukutani. Mkiambiwa "ina kengele ya usalama", ibonyezeni mbele yao. Isipolia, msiondoke na gari.

Tulilala na nguo zote, soksi mbilimbili, kofia. Asubuhi vioo vyote vinatiririka maji, pumzi zetu wenyewe, kwa sababu kwa woga wa baridi tulikuwa tumefunga mpaka kidirisha cha darini (kosa, kinatakiwa kiachwe wazi kidogo hata kukiwa na baridi). Nikataka maji ya moto, gesi nayo ikagoma. Mtungi tuliopewa ulikuwa wa butani, na butani ikikaribia nyuzi 0 haitaki tena kugeuka kuwa mvuke. Wa propani ungewaka tu, maana propani inavumilia mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtu aliyeshika ramani yetu, akaona tunaelekea milimani, hakufikiria hilo. Tukangoja jua lipande, tukanywa chai saa nne asubuhi.

Nilipowapigia wakasema, "Endesheni tu, itajichaji." Si uongo mtupu, injini inachaji betri ya nyumba ukiwa barabarani. Lakini ndoo iliyotoboka hata uijaze vipi. Siku zilizobaki tulilala kwenye kambi zenye umeme na kulipia wenyewe, na ule usingizi wa porini ambao ndio uliotutoa nyumbani tukaupata mara mbili tu, huko chini pwani kusikohitaji hita. Mwisho wa safari walirudisha pesa ya usiku mmoja. Usiku mmoja! Wakajaribu pia kutukata amana kwa mchubuko wa bampa ya nyuma, mpaka mume wangu alipotoa video ya dakika sita aliyoipiga siku ya kwanza, mchubuko uleule ukiwa umetulia pale. Wakaacha.

Mengine yalikuwa sawa. Tangi la maji safi lilikuwa lita 100, zilitutosha siku tano au sita kwa kuoga kwa kujibana. Pampu inanguruma kama pikipiki ukifungua bomba usiku, utamwamsha mwenzio. Choo cha kaseti, yaani chenye kitangi cha uchafu kinachochomolewa, kinajaa kwa siku mbili tatu kwa watu wawili, na lazima mtu abebe ile kaseti kwenda kuimwaga. Tulikuwa tunarusha sarafu. Nilishindwa mara tano kati ya saba na bado nina mashaka na ile sarafu.

Lakini ukifungua milango miwili ya nyuma alfajiri ungali umejifunika blanketi, bahari iko miguuni pako, hakuna wa kukuambia muda wa chumba umekwisha, unasamehe mengi. Asubuhi moja tulikaa hivyo mpaka saa tano bila kushuka kitandani. Kwa ajili ya hiyo nasema gari ningelikodi tena.

Mume wangu keshapata homa. Anatazama kempavani za mitumba kila jioni, na amenunua kipima volti kidogo ambacho anatembea nacho mfukoni kama kalamu. Juzi alimpigia muuzaji mmoja, akamwambia tutafika kuiona saa mbili usiku, na tafadhali asiichomeke kwenye umeme siku hiyo. Nilimsikia muuzaji akiuliza kwa nini usiku.