Kuketi na watumiaji au kusoma takwimu: kipi kinafaa?

Ubishi huu hauishi kwa wabunifu wa programu: ukitaka kujua watu wanakwama wapi, uwaangalie wakitumia, au usome takwimu za mibofyo?

Kuwaangalia ni nafuu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, alikadiria kuwa watu 5 hufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Niliwahi kuketi kando ya mtu akijaza fomu ya usajili. Kidole kilielea juu ya kitufe cha kijivu, kikarudi, kikaelea tena. Alidhani kimezimwa! Takwimu zingeniambia tu kwamba aliondoka.

Ila watu 5 hawakuambii tatizo linawagusa wangapi. Hapo takwimu zinashinda, mradi watumiaji wawe wengi. Na kazi ya kuendeleza kila njia? Takwimu hujikusanya zenyewe, lakini ukurasa ukibadilika lazima uzikague upya. Vikao vya kuwaangalia watumiaji hudai watu wapya kila mara, na kuwatafuta kunachosha kweli.

Bidhaa ikiwa bado michoro ya karatasi, takwimu utazitoa wapi? Keti na watu. Ikiwa na maelfu ya watumiaji, na unachagua kati ya vitufe viwili, hesabu mibofyo.