Hita ya jua ya mirija kwenye nyumba ya wageni Lushoto: uzoefu wangu

Anayetaka kufungua nyumba ya wageni milimani huniuliza kwanza habari za vitanda na mapazia. Mimi humwambia aanze na maji ya moto.

Niliacha chuo mwaka 2019, baada ya kufundisha elimu ya udongo Morogoro kwa miaka 21. Nilirudi Lushoto kwenye shamba la marehemu baba, nikaikarabati nyumba yake ikawa na vyumba vitano, kulala na chai. Mji wetu uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mgeni anatoka Dar es Salaam au Tanga na jasho lake, anaiacha barabara kuu pale Mombo, anapanda kona za Soni, na akishuka garini jioni ya mwezi wa saba anajikunyata. Huyo haulizi intaneti. Anauliza kama maji ya kuoga ni ya moto.

Mwaka wa kwanza tulichemsha kwa kuni. Dada anayenisaidia jikoni alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto chini ya pipa, kisha anabeba ndoo chumba kwa chumba. Kuni za miti ya miwati zikiwa na unyevu, na huku kwetu huwa na unyevu nusu ya mwaka, moshi unajaa hadi macho yanavimba. Alikohoa miezi mitatu mfululizo. Nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu miaka mingi juu ya miteremko ya Usambara inavyopoteza udongo miti ikikatwa, na sasa mimi ndiye niliyekuwa nanunua mzigo wa kuni kila Jumatatu. Sikulala vizuri kwa jambo hilo.

Tukajaribu shawa za umeme. Vyumba viwili vikifungulia pamoja, umeme unajikata nyumba nzima. Na siku umeme wa mtaa mzima ukiwa haupo, mgeni anaoga maji ya baridi au haogi.

Oktoba 2021 ndipo nikanunua hita ya jua: tanki la lita 200, mirija 20 ya kioo. Kila mrija una kuta mbili, na katikati ya kuta hizo hewa imeondolewa, sawasawa na chupa ya chai. Jua linapita, joto halitoki. Maji ndani ya mrija yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda kwenye tanki lililo juu, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka.

Nina tabia ya kuandika vipimo, sijaiacha. Kila siku saa kumi na mbili jioni nachukua kipimajoto na daftari. Januari na Februari, siku za jua kali, napata nyuzi 60 na zaidi. Masika napata 45 hivi. Juni na Julai ukungu ukikaa siku nzima, tanki linaishia 35, na hapo hita peke yake haitoshi. Usiamini muuzaji anayekwambia inatosha mwaka mzima popote pale. Ndani ya tanki kuna koili ya umeme ya akiba, nami naiwasha jioni kuongeza nyuzi kama 15, ambazo hula uniti tatu na nusu. Kulichemsha tanki lote kwa umeme, kutoka nyuzi 16 hadi 50, kungekula uniti 8, kila usiku. Usiku maji yanapoa nyuzi tano tu, kwa hiyo hata mgeni anayeoga alfajiri kabla ya kupanda mlima Magamba anayakuta ya moto.

Sasa niseme lililoniuma. Fundi aliiunga hita moja kwa moja kwenye bomba la maji ya mserereko ya kijiji. Hakuniambia niweke tanki la akiba, na mimi sikuuliza. Septemba 2022 maji yalikatika asubuhi, wageni wakaoga hadi tanki likakauka. Tanki likiwa tupu, jua likaichoma mirija asubuhi yote. Saa nane mchana maji yakarudi. Nilikuwa shambani, nikasikia mlio kama wa glasi inayodondoka sakafuni, halafu mwingine, halafu mwingine. Kioo chenye moto kilikutana na maji ya baridi, mirija mitatu ikapasuka. Dukani nilikonunua waliniambia dhamana haihusu kosa la ufungaji. Fundi, ambaye walinipa wao wenyewe, hakupokea tena simu. Mirija mipya ilitumwa kwa basi, imeviringishwa kwenye godoro kuukuu. Niliagiza minne, mmoja ukafika umevunjika.

Nikajenga mnara mfupi wa matofali na kuweka simtanki la lita 1,000. Tangu hapo hita haijawahi kukauka. Ukinunua hita ya namna hii mahali ambapo maji hukatika, hesabu simtanki ndani ya bei yake, na kama imekauka, iache hadi usiku ipoe ndipo uijaze.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenionyesha: kitako cha kila mrija kina rangi ya fedha. Hewa ikiingia kati ya kuta, ile fedha inageuka nyeupe kama maziwa ya unga. Mrija huo haushiki joto tena hata kama hauvuji. Nilikuta mmoja hivyo mwaka jana, nikaubadilisha, kazi ya nusu saa. Chumba cha mwisho nacho kiko mbali, maji ya baridi yanatoka karibu ndoo nzima kabla ya moto kufika. Tumelivika bomba sponji, na ndoo ile tunamwagilia maua.

Mwezi wa sita uliopita alikuja bibi mmoja kutoka Pangani, amekuja kuzika ndugu yake Mlola. Magoti yalikuwa yanamsumbua, alitembea akishika ukuta. Alikaa bafuni muda mrefu hata nikaingiwa na wasiwasi. Alipotoka, kitenge kimefungwa hadi kidevuni, alikaa kwenye benchi la jikoni karibu na dada, akamwambia, "Mwanangu, Mungu akubariki kwa maji haya." Dada akamwambia hakufanya kitu, ni jua. Bibi akasema hata hivyo.

Wenzangu wa chuo wakinitembelea huniuliza kama sijutii. Semina nazikumbuka, na kwenda shimoni na wanafunzi kusoma tabaka za udongo nakukumbuka sana. Lakini dada huyu sasa anaamka saa kumi na mbili, anakanda maandazi, anachuma matunda damu uani, na kifua chake kimepona. Kwa hilo peke yake ningeinunua hita hii mara ya pili, pamoja na mirija yake iliyopasuka.

Mirija miwili ya akiba iko chini ya kitanda changu, imefungwa kwenye blanketi. Jumamosi napanda juu ya paa na kitambaa kuifuta hita vumbi la kiangazi, maana vyumba vyote vitano vimeshachukuliwa.